Sefaria: nimekaa nayo miezi minne, haya ndo maoni yangu

Kilichonipeleka huko ni ugomvi wa WhatsApp. Kwenye grupu letu ndugu mmoja alirusha ile meseji inayozungukaga kila mara, eti Talmud (ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi) inasema hivi na vile kuhusu wasio Wayahudi, na chini rejea imewekwa "Libbre David 37", watu wakaanza kuwaka. Nikasema ngoja nikaangalie mwenyewe kwenye Sefaria, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya Kiyahudi. Kitabu chenye jina hilo hakipo, na sio kwamba Sefaria hawana, hakipo kabisa kwenye vitabu vya Kiyahudi, ni cha kutungwa. Ndugu yule akakaa kimya siku mbili halafu akarudi na picha za mbuzi wa kuuza.

Basi mi nikabaki humo humo. Sefaria ni shirika lisilo la faida, walianzisha Joshua Foer na Brett Lockspeiser mwaka 2011, na ukifungua unakuta Torati, Manabii, Mishna (sheria za mapokeo ambazo Talmud inazijadili), Talmud, midrashi (mafafanuzi ya kale ya maandiko), vitabu vya sheria, Zohar (kitabu cha mafumbo ya kiroho), vyote bure. Kuna tovuti na kuna aplikesheni, na kwenye aplikesheni unaweza kushusha vitabu ukasoma bila bando. Niliwahi kuagiza juzuu ya Bava Metzia, moja ya sehemu za Talmud, kwenye duka moja la mtandaoni (silitaji), nikasubiri wiki tisa ikaja juzuu ya mambo ya kafara, kwa hiyo nyie mtanisamehe nikisifia sana kitu cha bure kinachofunguka papo hapo.

Kutafuta ni rahisi, andika Bava Metzia 59b (yaani karatasi ya 59, upande wa pili) unafika, na namba hizo za kurasa zinafuata chapa ya Daniel Bomberg, Mkristo aliyechapa Talmud nzima kule Venice 1520 hadi 1523, mpaka leo wanabishana kwa kurasa zake.

Ila kuna kitu lazima mkijue kabla hamjaanza kurushiana nukuu. Tafsiri ya Kiingereza ya Talmud waliyoiweka bure 2017 imetokana na kazi ya Rabi Adin Steinsaltz. Maneno yaliyokozwa wino ndo ya Talmud yenyewe, yale mepesi ni maelezo yaliyoongezwa ili ueleweke, kwa sababu Talmud imeandikwa kwa mkato sana kama mtu anayeongea na mwenzake aliyekuwepo jana. Ukikopi vyote kwa pamoja ukasema "Talmud imesema" umeshaharibu. Mi nilifanya hivyo wiki ya kwanza, nikasahihishwa na dogo wa chuo, aibu yangu.

Sasa utamu wenyewe. Ukigusa mstari wowote linafunguka dirisha la wafafanuzi, na hapo ndo unaona hawa watu walivyokuwa wanabishana kwa karne na karne bila mmoja kumfuta mwenzake. Nilijaribu na Maimonides, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 12 ambaye Waarabu wanamwita Musa bin Maimun. Kwenye Mishneh Torah, kitabu chake cha sheria, sehemu ya sheria za toba, sura ya 3 mstari wa 7, anasema anayeamini Mungu ana mwili ni mzushi, amekwisha. Nikagusa pale, akatokea Raavad, Abraham ben David wa kusini mwa Ufaransa aliyefariki 1198, na anamjia juu kwelikweli: kwa nini amwite mtu huyo mzushi wakati wakubwa na bora kuliko yeye walifikiri hivyo, kwa walivyosoma maandiko? Na mjue Raavad hatetei kwamba Mungu ana mwili, anamtetea msomaji aliyesoma maandiko kama yalivyo akateleza. Halafu ukiendelea anakuja Yosef Karo wa karne ya 16 kwenye Kesef Mishneh, ufafanuzi wake wa hiyo Mishneh Torah, analeta maneno mengine ya Raavad yaliyopokewa kwa njia nyingine, ya upole zaidi, hayana ile "bora kuliko yeye". Kwa hiyo alitukana au hakutukana? Nilikesha hapo mpaka saa nane usiku na kesho yake kazini ilikuwa tabu tupu.

Tena huyo huyo Maimonides kitabu chake kikubwa cha falsafa alikiandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Sisi ambao babu zetu wa pwani waliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hatuwezi kushangaa hilo, lugha inavaa shati la jirani na maisha yanaendelea.

Kasoro? Kiswahili hamna, ni Kiebrania, Kiaramu na tafsiri ambazo nyingi ni za Kiingereza, na wafafanuzi wengi bado hawajatafsiriwa kabisa, unagusa unakutana na ukuta wa herufi. Pia maandishi yamekatwa vipande vipande, wakati kwenye karatasi Talmud inakaa katikati, Rashi, mfafanuzi wake mkuu, upande mmoja, Tosafot, wafafanuzi waliokuja baada yake, upande wa pili, ambao kati yao wamo wajukuu wa Rashi wanaompinga babu yao ukurasa huo huo. Mi napenda kuwaona wote kwa jicho moja, kwenye simu inabidi ufungue mmoja mmoja.

Nyota nne na nusu. Anayeanza aende hiyo hiyo Bava Metzia 59b, pale mti unang'oka na sauti ya mbinguni inamuunga mkono Rabi Eliezer kwenye ubishi wa sheria ila wenzake wanakataa, wanasema Torati haiko mbinguni tena. Wengi wanaonukuu wanaishia Mungu anapocheka. Skroli chini zaidi, ufike pale wenzake wameshamtenga Eliezer, na mkewe Ima Shalom anamzuia asimwage machozi yake mbele za Mungu, maana anajua yatamdhuru kaka yake yeye Ima Shalom, Rabban Gamliel, mkuu wa hao wenzake, halafu urudi juu usome hadithi yote imewekwa chini ya sheria gani. Ni sheria inayokataza kumuumiza mtu kwa maneno.