Yamaha A-S301 na Wharfedale Diamond 9.1 sebuleni kwangu Pasiansi: uzoefu wangu

Mwanza ukiingia duka la redio ukaulizia amplifaya, swali la kwanza ni "wati ngapi bosi?" La pili ni bajeti yako. Hakuna anayekuuliza spika ulizonazo ni omu ngapi (kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), wala kama sebule yako ina zulia au vigae vitupu. Mimi seti yangu nimekaa nayo muda wa kutosha kuisemea, na nasema hivi: wati liwe jambo la mwisho kuangalia. Anza na spika, angalia chumba, ndipo utafute amplifaya ya kuzibeba.

Seti yenyewe ni amplifaya ya Yamaha A-S301 na spika za Wharfedale Diamond 9.1, zile ndogo za kuweka juu ya stendi. Zote mtumba. Amplifaya ilinitoka laki sita na nusu, spika laki tatu na nusu kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Pesa hiyo unapata sabufa kubwa lenye taa na rimoti, na chenji inabaki, najua. Lakini geuza hilo sabufa usome kibandiko cha nyuma. Mbele ya boksi wameandika PMPO, zile wati za matangazo, maelfu kwa maelfu, nyuma wameandika linakula umeme wati 60 au 80. Kitu kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati elfu kumi kwenye spika, hata fundi awe nani. Yamaha hii imeandikwa wati 60 kila upande kwenye spika za omu 8, kuanzia mawimbi ya hezi 20 mpaka 20,000, pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Hizo ni wati za kweli, na ndiyo maana mashine ina kilo 9. Shemeji yangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alipoinyanyua aliniuliza, "Shemeji, umenunua redio au jokofu?"

Huyo shemeji ndiye aliyenipa nafasi ya kulinganisha, maana alikuja na meli akiwa na spika zake na kiamplifaya chake kidogo, anataka kujua kwa nini mimi nilitumia hela nyingi vile.

Spika zake zina twita (kile kispika cha sauti za juu) ya honi na sensitiviti ya desibeli 93. Sensitiviti maana yake ni ukubwa wa sauti inayotoka spika ikipewa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja. Zangu ni 86. Tofauti ya desibeli 7 haionekani kubwa kwenye karatasi, lakini kila desibeli 3 zinadai wati maradufu. Piga hesabu: ili Wharfedale zangu zifikie sauti ya spika zake, nahitaji wati karibu mara tano. Yeye akitumia 10, mimi natumia 50.

Kiamplifaya chake ni vile vya chipu ya TPA3116, kinaingia mfukoni, na kule kwake anakiendesha kwa betri ya sola ya volti 12. Kwa volti hizo na spika za omu 8, chipu ile inatoa wati kama 9 tu. Kwenye boksi wameandika mia. Lakini kwa spika za desibeli 93, wati 9 zinatosha kujaza sebule na jirani akasikia. Kwa hiyo shemeji hakukosea chochote: spika rahisi kuendesha, amplifaya ndogo, betri haimalizwi mapema. Hiyo ni ndoa nzuri kabisa kwa mtu anayeishi kwa sola, na kama wewe uko Ukerewe au Kome, chukua njia yake, achana na yangu.

Tatizo lilikuja tulipobadilishana. Kiamplifaya chake kwenye Wharfedale kilikuwa kizuri kwa sauti ya mazungumzo, hata nikashangaa. Kupandisha kidogo tu, ngoma ya besi ikawa inakwaruza na sauti ya mwimbaji inajikunja kila besi inapogonga. Hapo amplifaya imeishiwa pumzi, mawimbi yanakatwa vichwa. Nikapunguza haraka. Wengi wanadhani spika inaungua kwa sababu amplifaya ina nguvu mno, kumbe twita nyingi zinauawa na amplifaya dogo lililokazwa mpaka mwisho, kwa sababu mawimbi yaliyokatwa yanapeleka nguvu nyingi kwenye sauti za juu, na waya wa ndani ya twita ni mwembamba kama unywele.

Kisha spika zake kwenye Yamaha. Kitasa cha volyumu kilikuwa hakijasogea popote na tayari tunapigiana kelele kusikilizana. Ukisogeza sikio kwenye twita wakati hakuna muziki unasikia "shhh" ya amplifaya, ambayo kwenye zangu siisikii. Hilo si baya. Kilichotushinda ni sauti za juu. Tuliweka rumba ya Kongo, ile ya zamani yenye magitaa matatu: rithimu chini, solo juu, na mi-solo katikati akiwaunganisha. Sebene lilipoanza solo likawa linatoboa masikio na yule wa katikati hasikiki. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema, "Mbona gitaa la kati limejificha? Kwangu nalisikia."

Kwake analisikia kwa sababu sebule yake ina makochi mazito, mikeka na mapazia. Kwangu ni nyumba ya kawaida ya Mwanza ya siku hizi: kuta za saruji zilizopigwa skimu, vigae chini, madirisha makubwa ya aluminiamu, dari ya jipsam. Piga kofi moja katikati ya chumba cha namna hiyo usikilize. Kama kofi linajibiwa na mlio mkali unaotetemeka, chumba chako kinaongeza sauti za juu bure, na spika yenye twita kali itakuchosha kabla wimbo haujaisha. Spika zenyewe hazina kosa. Wharfedale zina twita laini ya kitambaa na wufa (spika ya besi) ndogo ya sentimita 13 hivi, zinaongea kwa upole, na upole huo ndio chumba changu kinautaka. Tulipozirudisha, yule wa mi-solo akatokea, kidogo kushoto, na unaweza kumfuata mwanzo mwisho.

Kwaya ndiyo inanipa raha zaidi. Kwenye kurekodi nzuri unasikia sauti ya nne imesimama wapi, si mngurumo tu wa chini. Bongo fleva inategemea studio. Nyingine zimekazwa mno tangu huko, hakuna amplifaya itakayozisaidia.

Kuhusu chumba nilifanya mambo machache yasiyo ya gharama. Zulia mbele ya spika, pazia zito dirisha la pembeni. Spika zina matundu ya hewa nyuma, kwa hiyo nikizibandika ukutani besi inavimba. Sasa ziko mbele ya ukuta kama sentimita 40. Stendi kachomelea fundi wa mtaani kwa bomba la mraba, tukajaza mchanga wa ziwa uliokauka kabisa ili zisiitikie, na urefu nikaupima nikiwa nimekaa kwenye kochi, twita iwe usawa wa sikio. Kabla ya hapo zilikuwa juu ya kabati la TV, na ninaapa mabadiliko ya kuzishusha niliyasikia kuliko ya kubadilisha amplifaya. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua stendi.

Kitu kwenye Yamaha ambacho watu hawakitumii sawasawa ni kitasa cha loudness. Sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ndogo linapoteza besi kwanza. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Marekani mwaka 1933. Kwa hiyo saa tano usiku watoto wamelala, ukipunguza volyumu muziki unakuwa mkavu. Kwenye A-S301 hukiongezi kile kitasa kama besi. Unaweka volyumu kwa sauti ya juu unayoizoea kitasa kikiwa kwenye FLAT, halafu unapunguza sauti kwa kitasa chenyewe cha loudness. Kinashusha sauti za kati zaidi na kuacha besi na za juu. Ukikitumia hivyo, usiku unasikia muziki mzima bila kuamsha mtu.

Mapungufu? Haina bluetooth ndani yake, lazima ununue kifaa cha kuchomeka. Ina tundu la optiko la TV, lakini likikaa kimya ingia kwenye mipangilio ya TV, upande wa sauti, uchague PCM, yaani sauti ya dijitali ya kawaida isiyobanwa. Na besi ya spika hizi haishuki chini sana. Kijana wangu analalamika haimtikisi. Amplifaya ina tundu la sabufa, siku nikipata sabufa la maana nitaliongeza, ila kwa sebule hii sina haraka. Kwa sherehe ya uani usizinunue kabisa, huko spika za shemeji zinashinda kwa mbali.

Waya nimetumia wa nyumba wa shaba, milimita 2.5 za mraba. Beba kiwembe dukani, ukwangue ncha: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Na usijaribiwe kuunga spika nyingine za omu 6 kama hizi barazani na kuwasha A na B, yaani seti zote mbili za spika, kwa pamoja. Omu 6 mbili sambamba zinakuwa omu 3, amplifaya nyingi za nyumbani haziruhusu kushuka chini ya 4, itachemka na kujizima.

La mwisho ni kwa wanaowinda mitumba. Mashine nyingi nzuri zinazofika huku zilitengenezwa kwa soko la Japani, na umeme wa kule ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja umemaliza. Geuza, soma nyuma kabla hujatoa hela. Ikiwa ni ya 100 haina ubaya, ila unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo kupita wati zilizoandikwa pale nyuma, na transfoma za bei ya chini huwa zinanguruma hadi unazisikia kati ya nyimbo. Jumlisha bei yake na ya amplifaya, ndipo uone kama ile ya 230 iliyokuwa ghali bado ni ghali.