Nilikodi droni kupiga picha shamba la zamani la chai, Fort Portal

Nyumba ninayoisimamia iko nje kidogo ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kwenye shamba la chai la tangu enzi za Waingereza. Tulitaka picha za kuvutia wageni wa kulala, nikamwita kijana wa droni kutoka Kampala. Laki tisa za Uganda, mafuta ya gari juu yangu.

Kibali kwanza. Ardhi kuwa yako haitoshi: Uganda huwezi kurusha bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na watu wa ulinzi nao wana neno lao. Huyu alikuja na karatasi zake kamili. Kwa hilo sina lawama.

Alitaka tuanze saa nne, nikakataa. Milima ya Rwenzori hujifunika mawingu mapema. Saa moja na nusu droni ilikuwa juu, jua bado liko chini, kila tuta limetupa kivuli. Ilikuwa Julai, kiangazi, na nyasi zilizoota juu ya mawe hukauka kabla ya nyingine. Basi kwenye skrini ikajichora mistari minyoofu ya msingi wa jengo nisilowahi kulisikia. Mzee wetu mlinzi akasogea, akavaa miwani. "Hapo walikaushia chai, mwanangu. Na ule mraba pale, walicheza tenisi."

Upande wa bondeni, chai iliyotelekezwa baada ya 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, imekuwa miti mirefu, maana chai isiyochumwa haijui kubaki kichaka. Ila ukiwa juu unaiona bado imejipanga safu kwa safu. Miaka sita napita humo nikidhani ni msitu tu!

Kilichoniudhi ni uhariri. Aliahidi siku nne, zikawa wiki mbili. Picha zinafika, paa letu la mabati yenye kutu limekuwa jekundu la dukani, na nyasi zote kijani kibichi. Ile mistari? Imefutika. Nikaomba picha ghafi, zile ambazo hazijahaririwa, akadai laki mbili zaidi. Nililipa, kwa uchungu. Wewe patana naye mapema, kabla droni haijaruka, kwamba picha ghafi ni zako. Video yenye muziki sijaitazama mara ya pili.

Nyota tatu. Picha ghafi moja nimeichapisha kubwa, iko sebuleni, na mzee hakosi kuwaonyesha wageni uwanja wake wa tenisi.