Flutikasoni ya kupulizia puani: dawa nzuri yenye maelekezo yaliyofichika

Kwa mtu ambaye vumbi likitimka kidogo tu hupiga chafya mfululizo na kulala akihemea mdomoni, dawa ya kupulizia yenye flutikasoni inastahili bei yake, mradi asiitarajie ifanye kazi kama matone ya kuzibua pua. Matone yale yenye oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua kwa dakika chache, lakini yakizoeleka kwa siku nyingi pua huziba upya na kuzidi ilivyokuwa. Flutikasoni ni steroidi. Hutuliza uvimbe polepole, na nafuu kamili huweza kusubiri hadi wiki mbili za kuitumia kila siku. Wengi huitupa kabla ya hapo wakidai wameuziwa maji.

Chupa niliyonunua ina mipulizo 120, kila mmoja ukiwa na mikrogramu 50. Mtu mzima huanza na mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, kisha dalili zikitulia hushuka hadi mmoja. Ina harufu kama ya waridi, ambayo si kila mtu ataipenda.

Jambo linaloamua kama dawa hii itakufaa au itakutoa damu ni namna ya kuielekeza. Chupa hutikiswa, na ikiwa mpya hubonyezwa hewani mpaka itoke kama ukungu laini. Ukishapenga kamasi, inamisha kichwa mbele kidogo, halafu ishike kwa mkono wa kulia unapopulizia tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto unapopulizia la kulia, ili ncha itazame upande wa sikio na si ukuta wa katikati ya pua, kwa kuwa ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku huchubuka na kuvuja damu. Vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa pupa, dawa yote huishia kooni, nawe utaionja.

Kasoro ninayoilalamikia ni kikaratasi cha maelezo, kilichojaa Kiingereza cha herufi za kuhitaji miwani, ilhali ndimo yalimo maonyo yenyewe. Mwenye glakoma (presha ya macho) au mtoto wa jicho anapaswa kumweleza daktari kwanza, na mtoto anayeitumia kwa muda mrefu afuatiliwe urefu wake. Zito zaidi ni kwa anayetumia ARV zenye ritonaviri, kwani ritonaviri huzuia ini kuivunja flutikasoni, steroidi ikajilimbikiza mwilini, uso ukavimba na tezi za adrenali zilizo juu ya figo zikazorota, ingawa dawa iliingia kwa puani tu. Mgonjwa wa namna hiyo amtajie mfamasia dawa zake zote kabla ya kulipa, hata ikibidi kwa kunong'ona, kwa kuwa beklometasoni ya kupulizia, steroidi nyingine, haina mgongano mkubwa kiasi hicho na daktari anaweza kumwandikia hiyo.