Usafiri wa umma wa Sydney kwa mgeni wa mara ya kwanza: uzoefu wangu

Naupa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya geti la uwanja wa ndege, na ndipo ninapoanzia, maana hapo pesa ya mgeni inavuja kabla hata hajauona mji.

Treni ya T8 kutoka uwanjani hadi kituo cha Central haimalizi robo saa. Tatizo ni ada ya kutumia kituo: karibu dola 18 za Australia juu ya nauli yenyewe. Vituo viwili vya uwanjani viko mikononi mwa kampuni binafsi tangu njia ilipofunguliwa mwaka 2000, mwaka wa Olimpiki, na ada hiyo haiingii kwenye kikomo cha nauli cha siku, yaani kiasi cha juu unachoweza kutozwa kwa siku moja hata ukisafiri mara nyingi. Ukiwa peke yako na begi moja, panda basi namba 420 hadi kituo cha Mascot, kisha chukua T8 ileile. Safari nzima haifiki dola 10. Mkiwa watatu na mizigo, ulizeni kwanza bei ya teksi.

Ukishavuka hapo, ni raha. Huna haja ya kupanga foleni ya tiketi. Visa au Mastercard ya kugusisha inakubaliwa kwenye treni, metro, basi, tramu na feri, hata ikiwa ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi, mradi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Waulize benki makato ya kubadilisha fedha kabla hujaondoka. Kila mtu awe na kadi yake, maana moja haiwalipii wawili. Wenye watoto wa miaka 4 hadi 15 wachukue Opal (kadi ya usafiri ya Sydney) ya mtoto: analipa nusu, ilhali akigusisha kadi ya benki anatozwa kama mtu mzima.

Kinachowaumiza wageni wengi ni hiki: mashine inahesabu simu na kadi ya plastiki kuwa vitu viwili, hata kama akaunti ni moja. Ukiingia Town Hall kwa simu na kutokea Bondi Junction kwa kadi, mfumo unaona safari mbili zisizokamilika, na kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa. Malipo ya simu na ya kadi hayajumlishwi pia kufikia kikomo cha siku, wala kile cha wiki cha dola 50, Jumatatu hadi Jumapili. Chagua kimoja, ukae nacho hadi uondoke. Usibandike pochi nzima kwenye mashine pia. Itasoma kadi usiyoikusudia.

Kwenye tramu hakuna geti. Mashine ziko kwenye nguzo za kituoni, si ndani ya behewa, kwa hiyo ni rahisi kushuka Circular Quay, kwenye gati za feri, na kuifuata bahari moja kwa moja bila kugusisha. Subiri mlio, soma kioo, ndipo uende.

Uhondo uko mwisho wa wiki. Kwa nauli za 2025, kikomo cha Jumatatu hadi Alhamisi ni dola 19.30, lakini Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu ni dola 9.65. Kwa pesa hiyo unakwenda Katoomba, kwenye Milima ya Blue, saa mbili hivi za treni kila upande, na unarudi. Au unapanda feri ya F1 kutoka Circular Quay kwenda Manly, kitongoji cha ufukweni, nusu saa juu ya maji, na hii ndiyo safari ninayoisifia kuliko zote. Zile feri kubwa za kijani na njano zina usukani mbele na nyuma, kwa hiyo hazigeuki zikiondoka: simama nje, upande wa kulia, na Opera House inakupita karibu kabisa. Angalia tu usiingie boti za kasi za kampuni binafsi, kwa sababu nazo zinapokea kadi ileile lakini nauli yake iko nje ya kikomo.

Ubaya wa wikendi ni matengenezo ya reli. Njia nzima inaweza kufungwa na mabasi yakawekwa badala ya treni, na safari ya Katoomba ikarefuka sana. Angalia ratiba kwenye transportnsw.info Ijumaa jioni. Ukikuta njia ya milimani imefungwa, Jumapili hiyo nenda Manly.