Mfuatano wa Picha Kuwa Klipu Moja: DaVinci Resolve na Premiere Pro

Ndugu watazamaji, leo tunachambua namna programu mbili za kuhariri video, DaVinci Resolve na Premiere Pro, zinavyopokea mamia ya picha zenye namba zinazofuatana na kuzifanya klipu moja.

Katika Premiere Pro, ukiburuta picha zote kwa pamoja, kila moja huingia kivyake kama picha ya mnato. Njia sahihi ni kufungua dirisha la kuingiza faili, kuchagua picha ya kwanza pekee, kisha kuweka tiki kwenye kisanduku cha mfuatano wa picha, ambacho ni rahisi mno kukipita bila kukiona.

Resolve, kwa maoni yangu, imelifikiria jambo hili kwa kina zaidi. Ukifungua folda katika ukurasa wake wa midia, picha zote huonekana tayari kama kitu kimoja, na jina lake hubeba namba ya kwanza na ya mwisho ndani ya mabano: [0001-0240]. Tazameni sasa nikiiondoa picha namba 0117: papo hapo tunapata klipu mbili, moja ikiishia 0116 na nyingine ikianzia 0118, kwa hiyo pengo linajulikana kabla hata hatujaanza kuhariri. Kwa anayesubiri usiku kucha kompyuta imalize kutengeneza fremu za katuni, taarifa hiyo ni ya thamani kubwa. Wapiga picha nao wakumbuke kwamba kamera nyingi zikifika 9999 huanza upya 0001, na hapo mfuatano hukatika vilevile. Dawa yake ni kubadilisha majina ya faili kwanza.

Picha zenyewe hazina kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde, hivyo ni lazima uiamue wewe. Picha 240 hutoa sekunde 10 kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini hutoa sekunde 8 tu kwa fremu 30. Resolve huiweka kwenye sifa za klipu. Premiere Pro huichukua kutoka kwenye mipangilio ya midia, ingawa unaweza kuirekebisha baadaye. Kote kuwili, irekebishe kabla klipu haijafika kwenye taimulaini, yaani mstari wa muda ambapo klipu hupangwa.

Kwa kazi hii naichagua Resolve, ambayo ina toleo la bure. Hata hivyo, aliyezoea Premiere Pro hana haja ya kuhama kwa sababu hii pekee, mradi ahakikishe idadi ya faili zake kabla ya kuziingiza.