Flathead V8 ya Ford kwenye chumvi: injini ya kizee, nyota 3 na nusu

Haya, mwaka na nusu nimeshinda gereji na Ford V8 ya zamani, injini ya silinda nane, ile wanaiita flathead, tunajenga roadster ya 1931, gari dogo la wazi, mimi na jirani yangu mzee mmoja hapa Salt Lake City, na mwezi wa 8 tukaipeleka Bonneville, ule uwanda mkubwa wa chumvi, kwenye Speed Week, wiki ya mbio za spidi, kwahiyo sasa naweza kuisema bila kuoneana aibu.

Ford walianza kuitoa 1932 ikiwa na nguvu za farasi 65 na huku Marekani wakaitumia mpaka 1953. Yetu bloku ya 1949, lita 3.9 hivi, kiwandani ilitoka na farasi 100. Mi mtu wa Scania na Fuso, nilivyoambiwa farasi 100 nilicheka mpaka mzee akanuna.

Ubaya wake mkubwa ni eksozi. Valvu zimekaa ndani ya bloku sio kwenye hedi, kwahiyo moshi wa moto unapita kwanza katikati ya bloku karibu na njia za maji ndo utoke nje, alafu kila upande una silinda nne lakini matundu ya kutolea ni matatu tu, zile mbili za katikati zinagombania tundu moja kama abiria wa Mbagala kwenye mlango wa daladala saa 12 jioni. Ndo maana zinachemka, na bloku nyingi zimepasuka. Yetu ya kwanza tuliuziwa na jamaa mmoja dola 700, imepigwa rangi inang'aa kama sufuria ya harusi, kuipima kwa sumaku na unga wa chuma, nyufa tatu!! Kutoka siti ya valvu hadi silinda. Hela ndo ikaenda hivo. Pima kwanza ndo ulipe, usione haya.

Ila sasa cha ajabu, kwenye chumvi ule ugonjwa wa kuchemka unapungua nusu. Mbio yenyewe ni kama dakika mbili tu, so watu wengi hawafungi radieta kabisa, wanaweka tenki la maji na sisi tukafanya hivo hivo. Shida ni foleni, unasubiri juani masaa, usithubutu kuiacha inaunguruma hapo. Kuondoka unasukumwa na pikapu maana gia ni ndefu, ukijaribu kuondoka mwenyewe unakaanga klachi.

Tulipanua silinda na kuweka kranki ya Mercury, ndugu yake Ford, yenye pigo la inchi 4 (pistoni inatembea umbali huo), ikafika lita 4.5. Ule ni mchezo wa tangu enzi za wazee wa mbio hizi na unalipa kweli, japo kranki imeshikwa na beringi kubwa tatu tu, kwahiyo usitegemee kuipandisha rpm (mizunguko kwa dakika) kama Honda. Kabureta ikabidi tupunguze jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kule ni kama mita 1,280 juu ya bahari, hewa nyepesi.

Kingine ambacho sikuamini mpaka nilipokiona: gari la mbio tuliliongezea uzito! Vyuma, kilo na kilo. Chumvi haishiki taili vizuri, gari jepesi linazungusha magurudumu bure. Na mkirudi osheni siku hiyo hiyo, chini, ndani ya chesisi, kila kona. Sisi tulisema kesho, hedi zetu za aluminiamu zikaota ukungu mweupe.

Tumekimbia maili 121 kwa saa, yani kama kilomita 195. Rekodi hatujaikaribia. Lakini injini hizi zina daraja lake, XF, hushindani na injini za kisasa, unashindana na wazee wenzako wenye matatizo yale yale. Na rekodi yenyewe sio mbio moja, ukiipita leo gari linafungiwa, kesho asubuhi unarudia, wanachukua wastani. Flathead kumaliza mbili mfululizo ndo kazi ilipo.

Ukitaka spidi kwa hela ndogo chukua V8 ya kisasa, usinisikilize mimi. Mzee ameshapata bloku nyingine ya akiba huko Idaho, eti muuzaji kamtumia picha, imepigwa rangi. Jumamosi naenda nae, sumaku iko kwenye buti tayari.