Uzoefu wangu: daraja la biashara kutoka Frankfurt hadi Lisbon

Nilikata tiketi ya daraja la biashara kutoka Frankfurt kwenda Lisbon, safari ya takriban saa 3, huku akilini mwangu nikiwa na vile viti vinavyolazwa vikawa kitanda, ambavyo abiria wa Dar es Salaam na Nairobi huvikuta katika ndege kubwa ziendazo Ulaya. Nilipoingia ndani ya Airbus A320 na kufika safu ya 3, nilikuta kiti kilekile kilichokuwa safu ya 20, chenye upana uleule na ngozi ileile, na magoti yangu yakagusa kiti cha mbele kabla sijafunga mkanda. Mimi ni mtu wa sentimita 188, kwa hiyo jambo hilo si dogo kwangu.

Tofauti pekee ya kukaa ilikuwa kiti cha katikati, ambacho hakikuuzwa. Ndege hii ina viti 3 kila upande wa njia, na mashirika mengi ya Ulaya huuza cha dirishani na cha njiani tu katika daraja la biashara. Pazia la kutenganisha madaraja husogezwa mbele au nyuma kwa kadiri tiketi zilivyouzwa, ndiyo maana viti hulazimika kufanana: safu ya 6 inaweza kuwa ya wakubwa asubuhi na ya sisi wengine jioni. Kwa hesabu za shirika mpango huo ni mzuri. Goti langu halikuambulia kitu. Turkish Airlines hufanya vingine, kwani hata katika ndege zake nyingi zenye njia moja tu ya kupita kati ya viti imefunga mbele viti vipana, 2 kila upande.

Hata hivyo, kiti kitupu kina raha yake. Mimi na jirani yangu hatukugombania pa kuweka kiwiko, na koti langu lilisafiri kama abiria wa tatu. Samaki aliletwa wa moto, katika sahani ya kweli. Niliruhusiwa pia mabegi 2 ya kilo 32 kila moja, nikakaa katika ukumbi wa mapumziko kabla ya kuondoka, na nikashuka miongoni mwa wa kwanza. Mwenye mizigo mingi atapata thamani ya fedha zake, lakini mimi nilikuwa na begi moja la mkononi na nililipa zaidi ya mara mbili ya nauli ya kawaida.

Wakati wa kurudi nilichukua daraja la kawaida na kulipia nyongeza ya kiti kilicho kwenye mlango wa dharura. Miguu ilinyooka vizuri kuliko ilivyonyooka kule mbele, ingawa kijana wa kiti cha katikati alilala begani mwangu tangu anga la Hispania hadi magurudumu yalipogusa ardhi ya Frankfurt.